Mayatima wa Mirihi: sehemu nne za mwanzo za Gundam Iron-Blooded Orphans

Katika anime hii, yaani katuni ya Kijapani, roboti lenyewe halijitokezi hadi dakika za mwisho za sehemu ya kwanza. Kabla ya hapo tunawaona wavulana wakiwa kazini. Wanafanya mazoezi ndani ya vigari vya vita, wanatengeneza mashine, wanapigwa na wakubwa zao, wanakula, wanataniana. Baadhi yao wamevua mashati, na mgongoni, juu kabisa ya uti, kuna chuma kimechomoza kutoka kwenye nyama. Mwanzoni hakuna anayetueleza kile chuma ni cha nini. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, migongo ya watu ndiyo kazi yangu ya kila siku hapa Kigoma, na tangu pale macho yangu hayakubanduka.

Mobile Suit Gundam: Iron-Blooded Orphans ilianza kurushwa Japani tarehe 4 Oktoba 2015. Ni kazi ya studio ya Sunrise, mwongozaji ni Tatsuyuki Nagai na mwandishi mkuu ni Mari Okada. Ina misimu miwili, jumla sehemu 50, na mimi naandika nikiwa nimemaliza nne tu. Gundam, jina la hadithi za maroboti makubwa ya vita yanayoendeshwa na watu, ni la zamani. Ya kwanza iliongozwa na Yoshiyuki Tomino mwaka 1979, na tangu hapo zimefuata nyingine nyingi, baadhi zikiendeleza hadithi ileile na nyingine zikianza ulimwengu mpya kabisa. Hii imeanza upya, kwa hiyo usiogope kama hujawahi kutazama Gundam yoyote. Mpwa wangu wa kidato cha kwanza ndiye aliyeichagua. Tuliitazama kwa sauti ya Kijapani na maandishi ya Kiingereza, nami nikawa namtafsiria kwa sauti kama wafanyavyo kwenye mabanda ya video, ingawa kuna mahali nilinyamaza na yeye akaelewa bila mimi.

Kisa kinaanzia Mirihi. Miaka mia tatu baada ya vita iliyokaribia kummaliza binadamu, sayari hiyo ina watu, ina miji na mashamba, lakini haijitawali. Dunia imegawanyika katika kambi nne za uchumi, mojawapo ikiitwa Umoja wa Afrika, na kila kambi ina kipande chake huko juu. Mji wa Chryse uko chini ya kambi ya kaskazini iitwayo Arbrau. Kudelia Aina Bernstein, binti wa kiongozi wa Chryse, msomi na msemaji hodari, amepania kwenda Dunia kudai haki za kiuchumi za watu wake. Anahitaji walinzi wa safari, anaikodi kampuni ya ulinzi iitwayo CGS, na anaomba kwa makusudi alindwe na vijana wa rika lake. Vijana hao ndio Kikosi cha Tatu, watoto wasio na wazazi, ambao kampuni inawatumia kwa kazi ambazo watu wazima hawataki kuzifanya. Kiongozi wao ni Orga Itsuka, kijana mrefu mwenye nywele nyeupe. Pembeni yake yuko Mikazuki Augus, wenzake humwita Mika, mfupi, mkimya, mfuko wake wa koti una tende za Mirihi anazokula moja moja hata katikati ya mazungumzo mazito.

Sasa turudi kwenye ile migongo, maana kila kitu kilichonishika kwenye anime hii kinapita hapo.

Kile chuma ni sehemu ya mfumo uitwao Alaya-Vijnana. Mtoto hupasuliwa na kupandikizwa kifaa kwenye uti wa mgongo ili neva zake ziunganishwe moja kwa moja na mashine. Lazima awe mtoto, kwa sababu mwili uliokwisha kukua haukipokei kifaa. Upasuaji ukiharibika, mtoto hatembei tena, au anakufa. Ukifanikiwa, anaweza kuendesha mashine ya vita bila kusomea, kwa sababu anaisikia kama kiungo chake. Mika amefanyiwa mara tatu. Hilo linatajwa kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anavyotaja amefanya kazi bandarini misimu mitatu, na waliomzunguka wanamheshimu kwalo. Nimewahudumia vijana walioumia mgongo kwa kubeba mizigo mizito tangu wakiwa wadogo, na namna wanavyojisifu kwa kilo walizokuwa wakibeba ndiyo hiyohiyo. Mwandishi aliyeuweka mfumo huu kwenye hadithi ameelewa kwamba maskini asiye na shamba wala cheti ana mwili tu wa kuwekeza, na kwamba anaanza kuutoa kabla hajafikia umri wa kuulizwa kama anakubali.

Linganisheni na Gundam ya 1979. Katika sehemu ya kwanza kabisa ya ile, kijana Amuro Ray anaangukia kwenye roboti wakati mji wao unashambuliwa, anafungua kitabu cha maelekezo, anakisoma, na anaanza kupigana huku kitabu kiko mkononi. Amuro ni mtoto wa mhandisi, amekulia kwenye vyombo. Mika hajui kusoma. Kudelia anapogundua hivyo anashangaa: sasa unaendeshaje mashine ngumu namna hii? Jibu liko mgongoni mwa Mika. Pale ambapo Amuro alikuwa na elimu, huyu ana tundu kwenye uti wa mgongo. Sidhani kwamba walioiandika hii walifika hapo kwa bahati. Wanaifahamu vizuri ile ya kwanza, na wanatuuliza ingekuwaje kama rubani mtoto angetoka chini kabisa, mahali ambapo hakuna hata wa kumfundisha herufi.

Hapa Kigoma, Kongo iko ng'ambo ya ziwa tu. Katika vita ya 1996 na 1997 watoto waliobeba bunduki katika jeshi la Laurent-Désiré Kabila waliitwa kadogo, na hakuna mtu mzima wa mji huu asiyelijua jina hilo. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Kongo, kwa kuwaingiza vitani watoto walio chini ya miaka 15, na hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza katika historia ya mahakama hiyo. Nayaleta haya kwa sababu filamu nyingi zinazogusa watoto wa vita huwaonyesha wakilia tu, au wakiwa wameharibika akili tu. Iron-Blooded Orphans inawaonyesha wakijua kazi yao. Wana ufundi, wana majivuno ya ufundi huo, wana vichekesho vya ovyo vya wavulana, wana mdogo wao wanayemficha nyuma hali ikichafuka. Danji, mmoja wao, anapiga porojo kuhusu wanawake asubuhi, na vita inapokuja anakufa ndani ya kile kigari. Hakuna muziki wa kumsindikiza, mapigano yanaendelea. Mpwa wangu aliniuliza, "Mama mdogo, yule ndiyo basi?" Ndiyo basi.

Kuna tukio la sekunde chache katika sehemu ya kwanza ambalo ningependa kila mwenye mradi wa kusaidia watoto alitazame. Kudelia anamnyooshea Mika mkono washikane kwa kusalimiana. Mika anautazama mkono wake mwenyewe, hautoi. Kudelia anaumia, anaeleza kwa maneno mazuri kwamba anataka wawe sawa, asiwe juu yake. Mika anamwonyesha kwamba mkono wake ulikuwa mchafu, kisha anamrudishia swali moja fupi: kwa hiyo sasa hivi hatuko sawa? Binti anabaki kimya. Ana kila nia njema, na nia hiyo imejaa hotuba, lakini hakuwa ameuangalia mkono wa mtu aliye mbele yake. Napenda kwamba anime haimdhihaki. Inamwacha aione aibu hiyo na aendelee kujifunza, na kufikia sehemu ya nne anafuatana na wenzake shambani na mikono yake inachafuka kwa kuvuna mahindi.

Vita yenyewe inaletwa na jeshi la Gjallarhorn, linalojiita mlinzi wa amani. Baba yake Kudelia ndiye aliyewapa taarifa za binti yake. Mashambulizi yanapoanza, mkurugenzi wa CGS na watu wazima wake wanakimbia, wanawaacha watoto wawe chambo. Orga amelitarajia hilo. Fataki za ishara zinalipuka kutoka kwenye magari ya wale wanaokimbia, na adui anageuka kuwafuata wao. Nilishangilia kwa sauti, nakiri, kwa sababu hapo ndipo unapoona kwamba huyu kijana amekuwa akiwasoma watu wazima maisha yake yote.

Halafu Barbatos. Hilo ndilo jina la roboti, la nane kati ya 72 zilizoundwa kwa ajili ya vita ile ya kale. Kwa miaka mingi limekaa chini ya ardhi ya kambi bila mtu wa kuliendesha, CGS wanalitumia kama jenereta. Fundi mzee Yukinojo, ambaye miguu yake mwenyewe ni ya chuma, anamtengenezea Mika kiti kwa kung'oa vifaa vya kile kigari chake. Wanamuunganisha. Damu inamtoka puani. Juu, roboti la Gjallarhorn limemkaribia Orga, na ardhi inapasuka, na Barbatos linatoka likiwa limenyanyua rungu kubwa ajabu na kuliponda lile la adui.

Rungu. Katika ulimwengu huu silaha za miale hazifui dafu mbele ya ngao za maroboti, na risasi nazo ni za kuchubua tu, kwa hiyo watu wanauana kwa rungu na shoka, kwa uzito. Wachoraji na wahariri wa sauti wamelichukulia hilo kwa makini sana. Chuma kikigonga chuma kuna mtetemo unaobaki masikioni, vumbi linapanda na linachukua muda kutua, mguu ukikanyaga unadidimia. Barbatos lina sura ya kitu kilichokaa njaa: kiuno chembamba, mabati yamebanduka, sehemu nyingine mifupa iko wazi. Michoro yake ya awali ni ya Naohiro Washio, na kwangu ni roboti zuri kuliko yote niliyoyaona, kwa sababu linafanana na wanaoliendesha. Katika sehemu ya pili gesi inaliishia katikati ya pambano. Hata mafuta yake ni ya kubahatisha.

Sehemu ya pili inapoa kidogo, lakini ina jambo. Watu wazima wanarudi, na mkubwa wao anampiga Orga kwa kosa la kubaki hai. Usiku watoto wanatia dawa kwenye chakula cha wale wakubwa, na wakubwa wanapoamka wamefungwa. Sehemu ya tatu inaanza hapo, na Mika anampiga risasi yule mkubwa bila uso wake kubadilika. Mwingine anauawa vilevile. Mpwa wangu alikuwa amechangamka hadi hapo, akitaka walipize kisasi. Baada ya ile risasi ya kwanza alikaa vizuri kwenye kochi na hakusema kitu. Mimi nilisimamisha kidogo, nikamuuliza kama tuendelee. Alitaka tuendelee.

Kinachofuata ndicho kilichoniaminisha kwamba waandishi hawa wanajua wanakokwenda: hesabu. Waliomwaga damu kupata kampuni wanakaa chini na mhasibu, Dexter, kuangalia kuna nini. Wanaotaka kuondoka wanalipwa stahili zao. Kilichobaki si kingi, na midomo ya kulisha ni mingi. Katuni ngapi za mapinduzi zinakupeleka kwenye daftari la malipo asubuhi yake? Orga analipa hata wale waliokuwa wakimpiga, kwa sababu anataka jina jipya la kampuni lianze bila deni. Jina hilo ni Tekkadan, ua la chuma ambalo halipukutiki.

Lakini kabla halijatangazwa, anakuja Crank Zent. Huyu ni afisa wa Gjallarhorn aliyeshiriki shambulio la kwanza, akagundua amekuwa akipigana na watoto, na hakuweza kulivumilia. Wakubwa wake wanataka kazi imalizwe. Anakuja peke yake ndani ya roboti lake, akiwa na kitambaa chekundu cha kuomba pambano la mtu na mtu, ili akishinda amchukue Kudelia na watoto wengine wasiguswe. Ni mtu mwema. Kila neno analosema ni la mtu mwema. Na anapigana na Mika, anashindwa, anatoka akiwa hoi, anamwona aliyemshinda ni kijana mdogo namna ile, anamwomba ammalizie. Mika anachukua bastola, anammalizia.

Nimefikiria sana kwa nini tukio hilo linauma kuliko vifo vya wabaya. Nadhani ni kwa sababu Crank ndiye mtu mzima wa kwanza kuwaona wale ni watoto, na hata yeye njia aliyoipata ya kuwasaidia ilikuwa kuja kupigana nao. Hakuja na chakula, hakuja na barua ya kujiuzulu, hakuwaambia wakimbilie wapi. Alileta heshima yake ya kijeshi, ambayo wale hawana matumizi nayo. Mika alimpa alichoomba, kama anavyotekeleza kila anachoombwa. Na hapo ndipo unapoanza kumwogopa Mika, na kumwogopea.

Uhusiano wake na Orga ndio moyo wa yote. Tangu wakiwa wadogo, tangu ule uchochoro ambako anime inaanza na maiti ya mtu chini, Mika humtazama Orga akimuuliza sasa tufanye nini. Orga hawezi kuonyesha udhaifu mbele ya macho yale. Kwa hiyo kila mara analazimika kuja na mpango mkubwa zaidi, na kila mpango unamtuma Mika tena. Wanapendana kweli, na upendo huo ndio unaowasukuma kwenye hatari. Hakuna aliyelisema hilo waziwazi katika sehemu hizi nne, limeonyeshwa tu kwa namna kamera inavyorudi kwenye macho ya Mika.

Sehemu ya nne ni ya shambani, na najua wapenzi wa mapigano watalalamika. Bibi Sakura analima mahindi, na wajukuu zake mapacha, wadogo wa Biscuit wa Tekkadan, wanawafurahia wageni. Kudelia anauliza bei ya mahindi. Anapotajiwa anashtuka, kwa sababu yananunuliwa kwa bei ya kutupa, yakatengenezwe mafuta ya mimea. Mshahara wa Biscuit ndio unaolisha ile nyumba. Kwa mtu anayetoka mkoa wa wakulima hakuna haja ya kuongeza maelezo. Hapo hapo linatokea gari la maafisa wawili kutoka Dunia, karibu liwagonge mapacha, na Mika anamkaba koo mmojawapo, Gaelio, bila kujali ni nani. Mwenzake, McGillis, anaomba radhi kwa upole na kuwagawia watoto peremende. Huyo mpole ndiye anayenitia wasiwasi.

Sasa kasoro, maana zipo. Majina ni mengi mno kwa haraka mno. Kati ya kambi, vyeo, aina za maroboti na watoto zaidi ya kumi wenye majina, nilihitaji kurudisha nyuma mara kwa mara, na mpwa wangu alichoka kuniuliza Arbrau ni nani. Watu wazima wa CGS ni wabaya wa moja kwa moja, wamechorwa hata sura za ubaya, wakati hadithi ingepata nguvu zaidi kama mmojawapo angekuwa mtu wa kawaida tu aliyeamua kutoona. Afisa Orlis, anayepondwa na lile rungu, naye ni wa kuchukiza tu basi. Na Kudelia, pamoja na sifa nilizompa, anatumia muda mrefu akisimama pembeni na kushangaa. Msemaji anayewatetemesha wakubwa hadi wamtumie jeshi anastahili kuonyeshwa akizungumza na umati angalau mara moja.

Muziki wa Masaru Yokoyama umepimwa vizuri, unakaa kimya panapohitajika. Wimbo wa ufunguzi ni wa MAN WITH A MISSION, una gitaa nzito na unamfanya mtoto wa miaka 13 aruke. Wa kufungia ni wa MISIA, mwimbaji ambaye amewahi kufika Kenya na amejishughulisha na elimu ya watoto wa Afrika, na sauti yake ikiingia baada ya ile sehemu ya tatu, usiuruke.

Kwa mzazi au mlezi: usimwache mtoto wa shule ya msingi na hii. Damu ipo, na inayotisha zaidi ni mikono inayoimwaga. Kuanzia kidato cha kwanza sawa, lakini kaa naye, na uwe tayari kujibu maswali. Kwa mtu mzima anayedhani maroboti ni mambo ya watoto, tazama tatu za mwanzo kwa mkupuo mmoja, zina urefu wa filamu fupi, na zisome kama hadithi moja inayoishia kwa Crank. Usipoguswa hapo, hutaguswa baadaye. Anayetafuta mapigano kila sehemu atafute Gundam nyingine, zipo nyingi na nzuri.

Sisi tunaingia sehemu ya tano Jumamosi. Tekkadan wanajiandaa kuondoka Mirihi, na kitu kimoja nitakachokifuatilia hadi mwisho ni mwili wa Mika: ile damu ya puani, zile pasuaji tatu, na kama hadithi hii ina ujasiri wa kutuonyesha bei yake kamili badala ya kuisahau pale rungu linapoanza kupendeza.